Wiki ya maktaba ya chuo chetu: nimeitumia semista mbili, haya ndo niliyoyaona

Siku ya kwanza kusikia habari za hii kitu nilijiaibisha mbele za watu. Nimeshuka daladala nimechoka, kutoka Mbagala mpaka mjini nimesimama njia nzima mkono mmoja juu kwenye bomba, begi nimelikumbatia mbele kama mtoto, nafika maktaba ya chuo nimeloa jasho, moja kwa moja dawatini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, unatafuta nini?" Nikamwambia nafanya risechi ya historia ya soko la Kariakoo, katalogi imeniletea vitabu viwili tu na kimoja kimeazimwa toka mwaka juzi hakijarudi. Yule mama hata macho hakuinua, akasema, "Si ipo kwenye wiki." Mi nikauliza, "Wiki hii au ijayo, mama?" Jamaa aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alicheka mpaka akadondosha kitambulisho.

Kumbe wiki anayoisema ni tovuti. Ile aina ya tovuti ambayo wewe msomaji nawe unaweza kubonyeza pa kuhariri ukaongeza neno, ukasahihisha, ukasevu, na mwenzako akifungua anakuta ulichoandika. Jina limetoka Hawaii, kule "wikiwiki" maana yake haraka haraka, na kuna mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu yalikuwa yanaitwa hivyo, ndo jamaa mmoja mtaalamu wa programu anaitwa Ward Cunningham akaliazima jina akaipa tovuti yake ya kwanza ya namna hiyo mwezi Machi 1995. Kwahiyo sio wiki ya siku saba, ni ya chapchap. Ingawa kwa spidi ya wifi ya pale kwetu wakati wa mitihani, bora hiyo ya siku saba.

Chuo sikitaji maana kuna ya kusifu na kuna ya kuponda na bado sijagradueti. Jueni tu kipo hapahapa Dar.

Zamani, yaani kabla ya hiyo wiki, mwongozo wa somo pale maktaba ulikuwa karatasi. Imebandikwa ubaoni, MWONGOZO WA SOMO: HISTORIA, fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia, ukurasa wa kwanza unaishia na "endelea ukurasa wa 2" na huo wa pili haupo, kuna mtu aliuchana akaandikia namba ya simu nadhani. Na tatizo la karatasi ni kwamba vitabu vinahamishwa shelfu, yenyewe inabaki inasema vilevile miaka na miaka.

Halafu kuna watu wananiambia si kuna katalogi kwenye kompyuta, mwongozo wa nini. Jamani katalogi ni kama muuza duka wa Mangi, unamwuliza una chumvi anakujibu ipo au haipo, basi. Hawezi kukwambia leo upike nini. Mtu anayeanza risechi hajui hata aulize chumvi au aulize nini, anachojua ana njaa. Mwongozo wa somo ndo unakwambia anza hapa, kisha nenda pale, kile kitabu kikubwa achana nacho kwanza kitakuchanganya. Na ukiuweka kwenye wiki maana yake aliyepita njia hiyo jana anaweza kukuachia ujumbe.

Nikafungua sasa ule ukurasa, unaitwa "Dar es Salaam: historia na mji". Juu kabisa mkutubi kaandika kwamba historia ya Tanzania kwa namba za Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba ambao ndo tunatumia sisi, iko 967.8. Kawaida tu. Chini yake kuna mwanafunzi kaongeza: "vya Dar vingi viko shelfu ya chini kabisa upande wa dirisha, piga magoti, na usiende saa nane jua linapiga palepale." Mi nilienda saa nane na nusu nikijua namkomoa, nikaungua shingo. Lakini vitabu vilikuwepo, sio viwili, vilikuwa kumi na moja, vingi havina neno Kariakoo kwenye jina ndo maana katalogi ilinitupa. Kimoja kinahusu mipango miji kwa ujumla na kina sura nzima ya Kariakoo. Hiyo katalogi isingenipa hata ningekesha, alijua tu mtu aliyewahi kukifungua akakisoma.

Na inaendelea. Inakwambia ukienda maktaba za vyuo vikuu zinazotumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani usitafute 967.8 utazunguka bure, kule Tanzania ni DT 436 mpaka DT 449, na vitabu vya lugha ya Kiswahili ni PL 8701 mpaka 8704 wakati kwa Dewey ni 496.392 na fasihi yake 896.392. Mistari miwili hiyo tu iliniokoa siku nzima. Halafu inakutoa nje ya chuo kabisa, na hapa ndo nilipoanza kuiheshimu, maana maktaba ngapi zinakwambia "sisi hatuna, nenda kwa wenzetu"? Kuna kipande cha Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi, ile iliyofunguliwa na Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, wamesema ukitoka Posta nyoosha mtaa wa Maktaba utaikuta, na ukitaka magazeti ya zamani uwahi asubuhi. Kuna mkusanyo wa East Africana pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenye tasnifu na machapisho ya serikali, vya mle havitoki nje unasomea hapohapo, na mtu kaongeza "beba kalamu ya risasi na koti, kipupwe chao sio cha kitoto". Kuna Nyaraka za Taifa, mtaa wa Vijibweni, Upanga, kwa wanaotaka mafaili ya enzi za Mjerumani na Mwingereza, chini yake: "nenda na barua ya utambulisho kutoka chuo, usiende mikono mitupu kama mimi nikarudishwa nimeshalipa bodaboda."

Hivi vijimaneno ndo mzigo wenyewe. Mkutubi angeandika rasmi asingeandika habari za koti.

Sasa nieleze kisa cha 1974 maana hapo ndo nilijua hii kitu inavyofanya kazi. Kwenye ule ukurasa kuna kijisehemu cha Kariakoo chenyewe. Kinaanza na jina kwamba limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hiyo kila mtu wa Dar anaijua au anajifanya anaijua. Halafu kinasema jengo la soko, lile lenye mapaa kama miavuli, lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, likafunguliwa 1974. Moyo ukanipiga paa. Proposo yangu nimeshaandika 1975 na supavaiza ameshaisoma.

Kuna kitufe pembeni cha matoleo ya zamani. Nikabonyeza. Pale unaona kila aliyegusa ukurasa, tarehe, saa, na ukiweka matoleo mawili pamoja inakuonyesha kwa rangi neno gani limetoka na lipi limeingia. Nikakuta vita! Mtu wa kwanza kaandika 1975. Baada ya siku tatu mtu wa pili kaweka 1974. Wa kwanza karudisha 1975. Wa pili karudisha 1974 na kwenye kile kisanduku cha kueleza umebadili nini kaandika "soma sheria we jamaa". Wa kwanza naye, saa sita usiku, "soma gazeti we jamaa". Wa pili karudisha 1974 tena, ikaishia hapo, nadhani mitihani iliwakuta.

Mi nikafanya walichoambiana. Sheria ya kuanzisha Shirika la Masoko ya Kariakoo kweli ni ya 1974. Na kwenye magazeti, Mwalimu Nyerere alilifungua soko rasmi tarehe 8 Desemba 1975. Yaani wote wawili wako sawa ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Nikaandika mstari mmoja wenye miaka yote miwili na kila mmoja umetoka wapi, nikasevu, mpaka leo hakuna aliyeugusa. Sasa fikiria ningekuwa nasoma kitabu kimeandika 1974 basi, ningejuaje kwamba kuna ubishi? Kitabu hakikuonyeshi mwandishi alifuta nini. Wiki inakuonyesha ugomvi wote mpaka matusi madogo madogo. Wale wanaosema wiki haiaminiki kwa sababu kila mtu anaandika, nawaelewa, ila hicho kitufe cha historia hawajawahi kukibonyeza.

Ila pia niseme ukweli, hichohicho kijisehemu hakina uwiano kabisa. Moto ulioliunguza soko usiku wa tarehe 10 Julai 2021 umeandikwa aya nne, na miaka karibu arobaini na sita yote kabla ya hapo, toka Mwalimu afungue, imepewa sentensi moja na nusu. Watu wanaandika wanachokumbuka.

Kuhariri kwenyewe ni rahisi au kugumu kutegemea umetokea wapi. Programu waliyoweka inaitwa DokuWiki, ya Mjerumani mmoja Andreas Gohr, ipo toka 2004. Mshkaji wangu wa IT ndo alinielewesha kwa nini maktaba wameichagua hii na sio MediaWiki ile inayoendesha Wikipedia: MediaWiki inataka hifadhidata yake pembeni, DokuWiki haitaki, kila ukurasa ni faili la maandishi ya kawaida tu kama unayofungua kwenye Notepad. Ukitaka kuhamisha unakopi folda kwenye flashi umemaliza. Seva yao yenyewe ni kompyuta ya zamani ya mezani imewekwa chini ya dawati la yule mama karibu na miguu yake, ameifunika kitambaa cha kufuma kama televisheni ya sebuleni. Umeme ukikatika inazima, ukirudi inawaka, kurasa zote zipo. Nimeshuhudia mara nyingi sana, nyingi kuliko ninavyotaka.

Mara moja ilinikata katikati naandika. Nimeandika kama aya tatu hivi, pap, giza. Uliporudi nikafungua ukurasa ikaniambia kuna rasimu yako ilibaki, unataka kuendelea nayo? Ilikuwa pungufu ya sentensi za mwisho tu. Nilitamani kuibusu ile kompyuta na kitambaa chake. Na ukiwa unahariri ukurasa unafungwa kwa dakika 15 mwenzako asiuguse mkaja kufutiana, hiyo nayo akili.

Kero ni alama. Kuandika kichwa cha habari unaweka alama za sawasawa huku na huku, na humu kadri unavyozijaza nyingi ndo kichwa kinakuwa kikubwa, sita ndo kikubwa kabisa. Wikipedia ni kinyume chake, zikiongezeka kichwa kinapungua. Sasa mi nimezoea kule, siku ya kwanza vichwa vyangu vyote vilitoka vidogo kama maandishi ya nyuma ya pakiti ya dawa. Maandishi mazito kule ni alama tatu za mkato wa juu, humu ni nyota mbili. Utazoea ila utatukana kwanza.

Kitu kilichonikera zaidi ni kutafuta. Unaandika "soko" kwenye kisanduku inakuletea kurasa tatu. Unajiuliza mbona kuna ukurasa mzima wa biashara ndogondogo haujaja? Kwa sababu humo wameandika "masoko". Yenyewe inatafuta neno kamili kama ulivyoandika, na Kiswahili chetu neno linabadilika mbele, sio nyuma. Kitabu na vitabu, mji na miji, mfanyabiashara na wafanyabiashara, kwake hayo ni maneno tofauti kabisa hayajuani. Dawa ipo, unaweka kinyota mbele na nyuma, *soko*, inakuletea vyote mpaka "sokoni". Ila hiyo niliambiwa na mtu mwezi wa nne, miezi yote ya kabla nilikuwa naamini hakuna kitu. Haijaandikwa popote pale mwanzo. Nimeiandika mimi. Na kama kuna mtu ana maktaba yake anafikiria kuweka wiki ya Kiswahili, hiyo iwekeni juu kabisa kwa herufi kubwa, kabla hata ya karibu.

Tukija kwenye kurasa zenyewe, wapo waliobarikiwa na wapo waliosahaulika. Uhasibu umejaa, umepangwa, mpaka kuna mtu kaeleza kitabu kipi kina majibu nyuma. Historia mnaona wenyewe. Sheria umeandikwa jina na "unaandaliwa" toka mwezi Machi. Ualimu una linki kumi na mbili, nilizibonyeza zote siku nikiwa sina kazi, saba zimekufa. Ukurasa wa sayansi ya mazingira kwa wiki mbili nzima ulikuwa na tangazo la mtu anatafuta rumeti Sinza, chumba masta, kodi mnagawana. Limekaa wiki mbili! Na lilikuwa na wasomaji nadhani kuliko ukurasa wenyewe.

Nikaingia kwenye historia za kurasa zote nione nani anaandika. Yule mama. Karibu kote ni yule mama, asubuhi kabla hawajafungua mlango, saa moja na nusu, saa mbili kasorobo. Wanafunzi tuko wachache, tena wengi tumeingia mara moja tukaongeza mstari tukapotea. Watu wanaogopa, nimeongea nao, mmoja ananiambia "mi nani niandike kwenye tovuti ya chuo", utadhani anaambiwa asaini noti za Benki Kuu. Desemba alipokwenda likizo kwao hakuna hata herufi moja iliyobadilika mwezi mzima. Kwahiyo wanaosema wiki inajiendesha yenyewe kwa sababu watu wengi wanachangia, waje kwetu. Kwetu wiki ni mama mmoja na chai yake ya asubuhi.

Nikataka kujua kama ni sisi tu. Sio sisi tu. Hili wazo la maktaba kutumia wiki kama mwongozo wa masomo lilivuma sana Marekani miaka ya 2005 na 2006. Chuo Kikuu cha Ohio mkutubi wa biashara Chad Boeninger alitengeneza Biz Wiki kwa ajili ya wanafunzi wa biashara, maktaba ya umma ya kaunti ya St. Joseph kule Indiana ikageuza miongozo yake yote kuwa wiki, na Meredith Farkas 2005 akaanzisha wiki ya wakutubi wenyewe kupeana uzoefu. Halafu 2007 ikaja kampuni ya Springshare na LibGuides, ni huduma ya kulipia ambayo kila kitu umeshapangiwa wewe unajaza tu, maktaba nyingi kule zikahamia huko. Nimeiona LibGuides kwenye vyuo vya nje, ni nzuri, inapendeza, ila msomaji ni wa kusoma tu, ile "piga magoti" hupati pa kuiandika. Na waliojenga kwenye wiki za bure za watu walikiona, Wikispaces ilitangaza kufunga 2018 na waliokuwa na miongozo yao mle ikabidi wahame na virago. Ndo maana ile kompyuta yenye kitambaa naitetea. Mbovu lakini yetu.

Sasa mtu atasema si Wikipedia ipo, ya nini kuhangaika. Naitumia sana, na ya Kiswahili ipo toka 2003. Kila kata ya Dar karibu ina makala yake, nyingi ni mbegu, sentensi tatu, kata ya wilaya fulani, postikodi, sensa inasema wakazi wangapi, basi. Kwa risechi yangu hizo namba za sensa zilinifaa kama pa kuanzia, nikaenda kuhakikisha kwenye ripoti yenyewe ya sensa. Ukiisoma makala yoyote ndefu shuka chini moja kwa moja kwenye Marejeo na Tanbihi, hapo ndo penye kazi, juu ni maneno tu. Usije ukaandika Wikipedia kwenye marejeo ya tasnifu yako ukasema nilikutuma mimi, supavaiza wangu alinichorea duara jekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Ila kuna kitu wengi hawakijui na nashangaa, inaitwa The Wikipedia Library. Ukiwa na akaunti ya Wikipedia yenye miezi sita na kuendelea, umefanya mahariri 500 na zaidi, na ndani ya mwezi uliopita umefanya angalau 10, unafunguliwa majarida na hifadhi za makala za kulipia, bure kabisa. Zile makala ukibonyeza nyumbani zinakuomba dola thelathini na kitu. Mahariri 500 yanasikika mengi lakini kusahihisha tahajia nako ni uhariri, kuweka chanzo kwenye makala za kata nako, na hizo kata zinasubiri. Mi niko 340 na kitu. Hii habari niliikuta kwenye ile wiki ya maktaba, imeandikwa na nani? Saa moja na nusu asubuhi.

Shida kubwa kuliko zote: wiki yetu inafunguka ukiwa ndani ya wifi ya chuo tu. Ukitoka geti imekwisha. Sasa mimi nakaa Mbagala na kazi nyingi nafanya usiku. Mwongozo wa kutafuta vitabu ambao lazima uwe tayari maktaba ndo uusome, mnaona wenyewe. Nilivyofanya ni kukopi kurasa ninazozihitaji nikaziweka kwenye TiddlyWiki, hiyo ni wiki nzima ndani ya faili moja tu la kufungua kwenye brauza, unaibeba kwenye flashi, haitaki seva wala bando. Naandikia humo maelezo yangu yote ya risechi, kila kitabu ukurasa wake, linki kwenda kwa vingine. Na kwenye simu nina Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili yote, niliishusha kwa wifi ya chuo, inafunguka hata daladala likiwa limekwama Mtongani simu haina hata jero ya bando. Ya Kiingereza yenye picha usijaribu, inafika GB mia hivi, simu yako itakufa mikononi.

Nyota ngapi? Kama maudhui ya ule ukurasa wa Dar peke yake, tano. Kama wiki nzima na ile sheria yenye jina tu na kufungiwa getini, natoa tatu. Linki saba za Ualimu nimeshazipeleka kwa maandishi mara mbili ofisi ya teknolojia wakanijibu watalifanyia kazi, na jana nimebonyeza bado zimekufa. Yule mama amesikia, akaniita dawatini, akaniambia kwani mwanangu wewe huna mikono, njoo Jumatatu saa moja na nusu kabla hatujafungua nikuonyeshe. Basi la saa kumi na moja na nusu asubuhi kutoka Mbagala mnalijua wenyewe. Nikifika salama nitaleta mrejesho.